Sofa mpya inanirusha shoti kila nikiinuka, nifanyeje?

Mama_wa_Ghorofa_7

Habari zenu wadau, naomba msaada kabla sijauza sofa kwa hasara. Mwisho wa Novemba nilichukua L ya watu saba pale Ngong Road, velveti ya kijani, nzuri mpaka nikiingia kwa nyumba naona kama nimeingia kwa wenyewe, nikaongeza na kapeti ya manyoya kutoka Eastleigh. Desemba yote hakuna shida. Lakini tangu Januari ishike, wueh. Nikiinuka kwa sofa niguse kitasa cha mlango, paa! Nikigusa mfereji wa sinki, paa! Juzi stima zilikuwa zimepotea, nikavuta lile blanketi laini la manyoya kutoka kwa sofa, nikaona cheche na haya macho yangu, za buluu, ndogo ndogo, na sauti ile ya chumvi ikianguka kwa mafuta moto.

Kijana wangu ana miaka minne. Zamani nikirudi kazini anakuja mbio ananishika miguu. Sahii anasimama pale kwa tivii, ananyoosha kidole kimoja, anakirudisha nyuma, ananiuliza, "Mum, leo uko na stima?"

Halafu kuna shangazi ya mume wangu amekuja kutoka Mombasa, yuko kwetu mwezi mzima. Siku ya pili tu akarushwa na grili ya dirisha. Akasema ameishi miaka sitini na kitu na hajawahi kukalia kiti kinachouma, na hii nyumba lazima kuna kitu. Tangu hiyo siku anachoma udi jioni, sebule inanukia vizuri kwa kweli lakini shoti ziko pale pale.

Swali langu ni mbili. Kwanza, inawezekana stima ya nyumba imeingia kwa sofa? Maana sofa haina waya hata mmoja. Pili, nimesoma huko kwa intaneti wanasema ninunue hyumidifaya, ile mashine ya kuongeza unyevu hewani, nikaona bei nikaweka simu chini. Kuna njia ya mtu wa kawaida?

Rongai_Mwisho

Hiyo si sofa dada, hiyo ni transfoma imevalishwa velveti 😂 uliza fundi kama alikupea na mita ya tokeni

Fundi_wa_Stima_Dagoretti

Tuwache mchezo kidogo kwa sababu swali la kwanza ni la maana kuliko mnavyodhani. Mama, nijibu hili kabla mtu yeyote hajakushauri: hiyo shoti inapiga MARA MOJA na kuisha, au ukiendelea kushika inaendelea kukutetemesha?

Kama ni paa moja, halafu ukirudisha mkono hapo hapo hakuna kitu, hiyo ni umeme tuli, yaani umeme uliojibeba mwenyewe mwilini kwa kusuguana na kiti. Haina uhusiano na waya za nyumba. Lakini kama ni ile kitu ya kuwasha, unapitisha vidole juu ya friji unasikia kama inanguruma chini ya ngozi, na iko pale asubuhi na jioni, ukiwa umekaa kwa sofa au hujakaa, hiyo ni stima ya kweli inavuja na hiyo ndiyo inaua watu. Watu wengi wanachanganya hizi mbili. Nimeitwa nyumba za watu mara nyingi naambiwa "ni ile stima ya baridi tu" na nikiweka testa naona mwili wa friji una stima.

Mama_wa_Ghorofa_7

Ni paa moja tu na inaisha. Na nikigusa hiyo kitasa tena mara ya pili hakuna kitu mpaka nirudi nikakae. Asante kwa kuuliza maana hata hiyo sikuwa nimeifikiria.

Mwalimu_wa_Chaki

Basi ni umeme tuli bila shaka. Nimefundisha fizikia miaka mingi na hii mada ilikuwa ya fomu wani, mnakumbuka ile ya kusugua kalamu ya Bic kwa nywele halafu inaokota vipande vya karatasi? Sofa yako ni hiyo kalamu, wewe ndiwe nywele.

Hata si jambo jipya, Wagiriki walijua kwamba ukisugua kaharabu inavuta vitu vyepesi, na jina lao la kaharabu, elektron, ndilo lililozaa neno elektroni na wazungu wakaita umeme kwa jina hilo. Kwa hivyo shangazi asiogope, hicho "kitu" kina zaidi ya miaka elfu mbili na kimeandikwa vitabuni.

Sasa kinachotokea ni hivi. Vitu viwili tofauti vikigusana na kuachana, kimoja kinamnyang'anya mwenzake elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme, na huo umeme unaobaki kwa kila kimoja ndio tunaita chaji. Poliesta na plastiki ni wanyang'anyi wakubwa. Ngozi ya mtu, nywele, sufu na nailoni ni watoaji. Pamba iko katikati, haina njaa sana wala haitoi sana. Velveti ya siku hizi karibu yote ni poliesta, hiyo kapeti ya manyoya pia, na blanketi lako laini pia. Ukivaa sweta ya sufu ukakaa hapo na kugeuka geuka ukiangalia tivii, umefanya ile jaribio ya kalamu kwa saa mbili mfululizo.

Na kuna jambo watu hawalijui: ukiwa umekaa bado hakuna shida kubwa, kwa sababu chaji yako na chaji ya kiti ziko karibu karibu zinavutana, zinashikana kama wapenzi. Ni ukiinuka ndipo unazitenganisha, na hapo volti zinapanda ghafla. Ndiyo maana unarushwa ukiinuka, hurushwi ukikaa. Mwili unaanza kusikia cheche ikifika kama volti 3,000 hivi. Usishtuke na hiyo namba, soketi ya Kenya ni 240 tu na inaua, hii ni 3,000 na haiui, kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo mno, inaisha kabla hujasema aki. Volti peke yake haiui mtu, kinachoua ni mkondo unaopita na muda unaopita.

Kwa nini Januari na si Desemba? Desemba bado tunabeba unyevu wa mvua za vuli. Januari na Februari upepo wa kaskazi unatuletea hewa kavu, jua linawaka, na sebule ya ghorofa ya saba yenye madirisha makubwa inakuwa kama tanuri mchana. Hewa ikiwa na unyevu, kila kitu kinapata utando mwembamba wa maji juu yake, hata huuoni, na chaji inatoroka kupitia huo utando polepole bila wewe kujua. Si hewa yenyewe inayobeba, ni huo utando. Hewa ikikauka, utando haupo, chaji inakaa tu kwa mwili ikikusubiri ufike kwa kitasa.

Kijana_wa_Luthuli

Mwalimu ameongea. Mimi natengeneza simu na laptopu pale Luthuli Avenue na hii kitu ndiyo adui yetu, kuna chipu inakufa na volti ambazo wewe hata huwezi kusikia, chini ya mia. Kwa watu wa elektroniki kuna hesabu inazunguka, kutembea kwa kapeti hewa ikiwa kavu kabisa unaweza fika volti 35,000, siku ya unyevu mwingi hiyo hiyo kapeti inakupa kama 1,500 tu, yaani huwezi hata sikia. Ndiyo maana mtu akiniambia laptopu yake ilikufa akiongeza memori akiwa amekaa kwa kitanda na blanketi la manyoya mi huwa sishangai.

Kwa meza yangu navaa mkanda kwa mkono wenye waya unaoenda chini. Wewe huwezi vaa mkanda ukiangalia tivii lakini hiyo akili unaweza itumia bure: KABLA hujainua makalio kwa sofa, shika kitu cha chuma na uendelee kukishika mpaka usimame kabisa. Meza ya kahawa yenye miguu ya chuma, grili kama iko karibu, hata fremu ya sofa yenyewe kama ina chuma kinachoonekana. Chaji inatoka pole pole wakati unainuka, haipati nafasi ya kupanda. Si kuinuka halafu kushika, hapo umechelewa, utapigwa na hiyo meza.

Na ukisahau na ushainuka, toa funguo, shika kwa nguvu na vidole vyote, gusa kitasa na ncha ya funguo. Cheche itaruka kati ya funguo na kitasa, wewe husikii kitu kwa sababu ngozi inashika chuma kwa eneo kubwa badala ya ile nukta moja ya ncha ya kidole. Mtoto akikuja kukusalimia gusa ukuta wa saruji kwanza na kiganja chote, halafu mshike.

Mzee_wa_Kahawa_West

Mnafanya mambo iwe ngumu. Sisi zamani tulikuwa tunaweka jiko la makaa hapo sebuleni na sufuria ya maji juu yake, maji yanachemka pole pole, hewa inakuwa na unyevu na nyumba inapata joto pia. Shida imeisha.

Fundi_wa_Stima_Dagoretti

Mzee wangu kwa heshima yote, HAPANA. Usimwambie mtu mwenye mtoto ndani ya apatimenti aweke jiko la makaa sebuleni. Hiyo moshi usioonekana wa makaa inalaza familia nzima na hawaamki. Nyumba za zamani zilikuwa na mianya kila mahali, hizi za siku hizi dirisha ni alumini, ukifunga imefunga. Afadhali arushwe mara mia.

Mzee_wa_Kahawa_West

Sawa nimesikia. Hiyo ya makaa naifuta. Lakini maji yachemshiwe kwa gesi jikoni basi.

Mwalimu_wa_Chaki

Kwa gesi jikoni sawa mzee, lakini atachoma gesi ya bure. Hapa ndipo ushauri wa intaneti unapotupotosha. Kule Marekani na Ulaya wanaongea kuhusu majira ya baridi, nyumba imefungwa kila upande, hita inawaka, hewa ya ndani inakauka sana, kwa hivyo wakiweka hyumidifaya ule unyevu unabaki ndani. Sisi hatuna hita. Sisi tunafungua madirisha. Unyevu wako unatoka dirishani unaenda kusaidia jirani. Ukitaka hiyo mashine ifanye kazi Februari hapa Nairobi ufunge madirisha mchana, na joto lile, hapana. Kama unalala chumba kidogo na unakifunga usiku, labda. Kwa sebule mi naona ni pesa imemwagwa. Anika nguo zako za kufua ndani ya sebule jioni, zile zilizokamuliwa, ndio hyumidifaya yako hiyo. Kuna kipima unyevu kidogo nilinunua, juzi saa tisa mchana kilisoma asilimia 31, nikaanika shuka mbili za pamba nikafunga dirisha la upande wa jua, kufika jioni kilikuwa kimepita 40. Ukiwa kati ya 40 na 60 shoti zinapungua sana.

Binti_Kisauni

Nimecheka hapo kwa shangazi, mwambieni nampa pole. Mimi ni wa Mombasa nimeolewa huku Nairobi South B na mwaka wa kwanza nilidhani nimelogwa, nikivua buibui usiku nasikia imenishika miguu yote inalialia. Kwetu Mombasa hiyo kitu hatuijui kwa sababu hewa ya bahari ina maji mwaka mzima, hata chumvi kwenye kikopo inashikana. Sofa hiyo hiyo ukiipakia kwa lori ukaishusha Kisauni itakuwa mpole kama kondoo.

Sasa dada nikuulize. Hiyo sofa uliweka vitambaa?

Mama_wa_Ghorofa_7

Vitambaa gani? Vile vya kusuka vya kina mama? Hapana jamani, nimetoa. Ile seti ya zamani mamangu alikuwa amenisukia vyote, vya mgongo, vya mikono, mpaka cha tivii. Nilipoleta hii mpya nikaona vitaharibu velveti, nikaviweka kwa gunia. Watu wanasema ni ushamba.

Binti_Kisauni

Umeona sasa 😄 Vile vitambaa vya mama ni uzi wa pamba. Ulikuwa umekalia pamba miaka yote, mgongo pamba, mkono pamba, hukugusa kiti chenyewe. Umetoa pamba umekalia plastiki. Mimi nilichofanya ni kutandika leso juu ya viti, na blanketi la manyoya nikaweka kwa kabati mpaka mwezi wa sita. Leso ni pamba, inanyonya jasho kidogo na unyevu, haikusanyi chaji kama velveti.

LAKINI uangalie leso yenyewe, siku hizi kuna za poliesta zimejaa, zinang'aa, bei rahisi, ukitandika hiyo umefanya kazi bure. Namna ya kujua, chomoa uzi mmoja pembeni, uchome na kiberiti juu ya sinki. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inabaki jivu unalisugua na kidole linapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kashanga kagumu keusi. Muuzaji akikataa uchome uzi wake nenda duka la pili. Biashara Street pale mjini wako wengi.

Chumba_Kimoja_Pipeline

Sasa nyinyi mnanitia wasiwasi. Hapo juu fundi amesema friji ikiwasha. Mimi friji yangu nikipitisha mkono mlangoni nasikia hiyo kitu ya kunguruma, sana sana nikiwa nimetoka kuoga miguu iko chini bila ndara. Nimekuwa nikifikiria ni hii umeme ya Januari. Lakini sasa nikikumbuka vizuri hata mwezi wa tano ilikuwa hivyo. Na mi sina hata sofa, nakaa kwa kitanda na stuli ya plastiki.

Fundi_wa_Stima_Dagoretti

Wewe wacha kusoma hii, enda uzime hiyo friji kwa swichi ya ukutani SASA HIVI, uwe umevaa ndara kavu, halafu utoe plagi, halafu urudi hapa. Usiishike na mkono maji.

Umerudi? Sawa. Angalia hiyo plagi. Ina miguu mitatu au miwili? Ule mguu mrefu wa juu ndio wa eathi. Kazi yake ni hii, stima ikivuja ikaingia kwa bodi ya friji ipate njia ya kwenda chini, ikate breka, stima izime, isisubiri mkono wako. Kama umetumia adapta ya miguu miwili, au ekstenshoni ile ya bei ya chini ambayo ndani iko na waya mbili tu, hiyo njia haipo. Au plagi iko sawa na soketi ya ukuta ndiyo haijaunganishwa eathi nyuma, hiyo nimeiona ploti nyingi mno, kwa mbele soketi ina matundu matatu mazuri, ukifungua nyuma waya wa kijani na manjano umekatwa au haukuwahi kuwekwa. Usifungue mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia nishati, muulize akuonyeshe, mwenye nayo haoni haya kuionyesha.

Na kwa wote, miguu kavu juu ya kapeti inaficha hiyo shida. Siku utakapokanyaga maji ndipo utajua.

Chumba_Kimoja_Pipeline

Nimetoa. Plagi ni mitatu lakini nilikuwa nimeichomeka kwa ekstenshoni nyeupe ya pale stejini. Ekstenshoni yenyewe plagi yake ni mitatu lakini huo mguu wa juu ni plastiki tupu!! Ni wa kudanganya.

Fundi_wa_Stima_Dagoretti

Ndiyo hiyo. Huo mguu wa plastiki ni wa kufungua tundu za soketi tu. Itupe, usimpe mtu. Na bado uite fundi, kwa sababu ekstenshoni ilikuwa inakunyima ulinzi, lakini kuna kitu ndani ya friji ndicho kinavujisha.

Nyar_Umoja

Nirudi kwa sofa. Kuna ile ya softena ya nguo, mi ndiyo ilinisaidia kwa sweta na viti vya gari. Unachukua chupa ya kupulizia, nusu lita ya maji, unaweka kifuniko kimoja cha softena, unatikisa, unapuliza kidogo kwa kitambaa kama umande, unaacha kikauke. Ile dawa iliyo ndani inaacha utando unaoshika unyevu, ndiyo maana hata nguo ukizisuza nayo hazishikani. Inaisha baada ya wiki moja mbili unarudia. Jaribu kwanza nyuma ya kiti mahali hakuonekani.

Kijana_wa_Luthuli

Na usipulize karibu na tivii au soketi. Na usipulize ngozi ya kweli, ni ya kitambaa tu hiyo. Pia kama sofa bado iko na ile nailoni ya dukani, yaani karatasi ya plastiki ya kufungia, kwa miguu au kwa mto toa, kuna watu wanakaa na ile nailoni mwaka mzima ati isichafuke halafu wanauliza kwa nini wanarushwa.

Rongai_Mwisho

hiyo ya nailoni umeniongelea mimi moja kwa moja 😭 ya godoro pia nitoe?

Kijana_wa_Luthuli

Toa jo

Mama_wa_Ghorofa_7

Nimerudi na ripoti, wiki mbili zimepita. Nitasema yote hata ya aibu.

Siku ya kwanza nilianza na softena kwa sababu ilikuwa nyumbani. Sasa mtu aliambiwa umande, mimi nikafanya mvua. Nilipuliza sofa yote na kifuniko sikutumia kimoja, nilitumia vitatu nikisema ifanye kazi haraka. Kwanza tailsi karibu na sofa ziligeuka barafu, shangazi nusura aende chini akiwa ameshika chai. Pili velveti ilipokauka ikabaki na mabaka, manyoya yamelala upande mmoja kama ng'ombe aliyenyeshewa. Nikahangaika na kitambaa cha maji vuguvugu na brashi laini siku mbili ndipo ikarudi, na kuna sehemu moja kwa kona bado nikiiangalia naiona, wageni hawaoni. Lakini nisiseme uongo, shoti zilipungua hiyo hiyo siku. Sasa napuliza kipimo cha Nyar Umoja, usiku, kila wiki, na tailsi napangusa.

Hiyo ya kushika chuma kabla ya kuinuka ndiyo bora kuliko zote na haina hata shilingi. Tuna kameza ka chuma ka pembeni, kalitoka kwa mafundi wa Kamukunji, nimekaleta karibu na mahali napenda kukaa. Nashika, nainuka, naachilia. Siku za kwanza nilisahau nusu ya wakati, sasa mkono unaenda wenyewe. Kijana ameifanya mchezo, anashika meza anapiga kelele "nimezima!" halafu anakuja. Tena anakuja mbio.

Blanketi la manyoya limeingia kwa kabati. Kapeti sijatoa, nimeipenda mno, ila ndani ya nyumba sivai tena zile ndara za mpira, natembea miguu mitupu. Mwalimu, nguo naanika sebuleni jioni, mume wangu analalamika ati anaangalia mpira akiwa chini ya taulo.

Jambo moja nataka kuuliza fundi: nilikuwa naogopa kuwasha gesi nikitoka kwa sofa, hizi cheche zinaweza washa?

Fundi_wa_Stima_Dagoretti

Cheche ya mwili inaweza kuwasha gesi iliyovuja, ndiyo, haihitaji nguvu nyingi. Lakini lazima gesi iwe imevuja kwanza. Kwa hivyo ukisikia harufu shughulika na harufu, fungua madirisha, usiguse swichi, funga mtungi kama unaufikia. Kama hakuna harufu, gusa ukuta na kiganja ukiingia jikoni, halafu upike chai yako.

Chumba_Kimoja_Pipeline

Ripoti yangu pia. Fundi alikuja na kitambulisho chake cha leseni, akafungua friji kwa nyuma, kuna waya wa kompresa ulikuwa umekwaruzwa, panya, na ulikuwa unagusa bodi. Soketi ya ukuta ilikuwa na eathi sawa, ni ekstenshoni tu. Aliponionyesha na testa yake vile bodi ilikuwa inawaka taa kabla hajatengeneza nilikaa chini. Nilikuwa nafungua hiyo friji kila asubuhi nikitoka bafuni. Mama wa ghorofa ya saba, hiyo sofa yako ya kijani imeniokoa na hata hatujuani.

Binti_Kisauni

Alhamdulillahi. Na leso dada, ulitandika?

Mama_wa_Ghorofa_7

Nilinunua doti mbili, nikachoma uzi pale dukani, muuzaji alinikazia macho lakini ikawa jivu, nikalipa. Nimerudi nyumbani nimetandika vizuri, maandishi yote yanasomeka kutoka mlangoni, nikaona nimepamba. Shangazi akasimama hapo, akasoma, akakataa kukaa. Kumbe jina la leso halikaliwi, ati nitamkalisha mtu juu ya maneno ya watu. Sasa zimegeuzwa zote, maandishi chini, na ndiye wa kwanza kukaa.

Binti_Kisauni

😂😂 lakini jina lilikuwa linasema nini?

Mama_wa_Ghorofa_7

Hilo amesema nisilete kwa mtandao.